Mkutano wa Madaktari Umetoka Ukumbini

Zamani madaktari wa Kenya walipokutana, sisi wananchi tuliona magari tu. Yaliegeshwa mbele ya hoteli kubwa ya Mombasa au Nairobi, kitambaa cha kuwakaribisha wageni kikatundikwa mlangoni, wakubwa wakaingia na mikoba yao, mlango ukafungwa. Baada ya siku tatu wakatoka. Gazeti likatupa aya mbili: waziri amefungua mkutano, waziri amewahimiza madaktari wafanye kazi kwa bidii. Yaliyosemwa baina ya kufungua na kufunga yalichapishwa katika majarida ya Kiingereza, na majarida yakawekwa makabatini.

Siku hizi mambo ni mengine. Daktari anasimama kusoma matokeo ya utafiti wake, na kabla hajamaliza ukurasa wa kwanza simu mia zimeinuliwa. Mmoja anapiga picha ya slaidi ukutani. Mwingine anayafupisha maneno na kuyatuma Twitter, ambayo tangu Julai 2023 inaitwa X. Wa tatu anarekodi sauti na kuipeleka katika kikundi cha WhatsApp cha wenzake waliobaki zamu hospitalini. Kila mkutano una neno lake lenye alama ya reli mbele, ili anayetaka kuufuatilia alitafute neno hilo tu na ayapate yote. Msemaji anaporudi kitini, maneno yake yamekwisha kufika Kampala, yamefika London, na mtandao ukiwa mwema yamefika Marafa pia.

Naandika haya nikiwa hapa Marafa, upande wa Magarini, kaunti ya Kilifi. Wageni wengi wanapajua kwa ajili ya Nyari, lile bonde la mchanga uliokatwa na mvua ukabaki minara ya rangi nyekundu, nyeupe na manjano. Wanakuja jioni kutoka Malindi, wanapiga picha, wanarudi hotelini. Sisi tunaobaki tuna mashamba ya mahindi, mihogo na mananasi, tuna mbuzi, tuna kituo cha afya, na tuna simu. Ni juu ya hivyo viwili vya mwisho nitakapo tuzungumze leo, kwani kuna jambo linalopita baina yavyo ambalo halijaulizwa vya kutosha: maneno ya madaktari yatokapo ukumbini yanamfikia nani, nayo hufika yakiwa mazima?

Nianze na wema wake, maana upo na si haba.

Mwaka 2012 madaktari wa dharura wa dunia nzima walikutana Dublin, Ireland. Inasimuliwa kwamba daktari mmoja wa Australia, Mike Cadogan, na wenzake walikaa baa jioni wakazungumza juu ya elimu ya udaktari ambayo ingetolewa bure mtandaoni kwa kila mtu. Wakaipa jina la FOAM, yaani povu, na msomaji anaweza kukisia povu hilo lilikuwa juu ya kinywaji gani. Tangu hapo jina hilo limekuwa bendera ya maelfu ya madaktari wanaotoa nje yale yaliyokuwa yakibaki ndani ya kumbi. Mazungumzo ya baa mara nyingi hayana faida, lakini haya yalizaa.

Faida yake naiona kwa macho. Yuko afisa mmoja wa kliniki wa upande huu, wale ambao sisi sote huwaita daktari bila ya kuuliza vyeti, ambaye hajapata kukanyaga mkutano wa kimataifa hata mmoja. Ada ya kuingia, nauli na hoteli havimuwii, na hata kama vingemuwia, akiondoka juma zima foleni ya wagonjwa ataiachia nani? Lakini mwezi wa Aprili 2024, watafiti wa malaria wa Afrika walipokutana Kigali, aliwafuata usiku kwa usiku kupitia simu yake, akisimama pale penye mtandao, na asubuhi akaja kazini na jambo jipya la kuwaambia wauguzi. Mtu huyo zamani angekaa miaka kumi na kitabu kimoja.

Tena simu imewapa sauti waliozuiliwa mlangoni. Mwaka 2022 mkutano mkuu wa UKIMWI wa dunia ulifanywa Montreal, Kanada, na Waafrika wengi waliokuwa wahudhurie walinyimwa viza au hawakujibiwa hadi siku zikapita. Ugonjwa unaotuua sisi ukajadiliwa bila ya wengi wetu. Winnie Byanyima wa Uganda, mkuu wa shirika la Umoja wa Mataifa la UKIMWI, mwenyewe aliandika Twitter kwamba nusura azuiliwe kupanda ndege uwanjani Geneva. Mkuu wa shirika! Zamani habari hiyo ingesimuliwa kwa kunong'onezana wakati wa chai. Safari hii ilikuwa mbele ya dunia kabla ya mkutano kufunguliwa, na waandaaji wakalazimika kuijibu jukwaani.

Wako waandaaji waliojaribu kuurudisha mlango mahali pake. Juni 2017, Chama cha Kisukari cha Marekani kilipokutana San Diego, kilikataza kupiga picha za slaidi, na waliokwisha kuzituma wakaombwa wazifute. Madaktari walichachamaa. Wakauliza kama kisukari ni siri ya mtu. Chama kikalazimika kulegeza kanuni yake. Mimi nilikuwa upande wa wenye simu katika ugomvi ule, na bado niko, ingawa nitakayoyasema sasa yanaweza kumfanya msomaji adhani nimehama.

Mfano ulio bora kuliko yote umetoka hapa hapa Kilifi. Taasisi ya utafiti ya KEMRI na shirika la Wellcome Trust la Uingereza wana kituo katika hospitali ya Kilifi tangu 1989, na ndiko ulikopangwa utafiti ulioitwa FEAST, ukiongozwa na daktari wa watoto Kathryn Maitland. Swali lake lilikuwa la kila siku. Mtoto analetwa na homa kali, anahema, pengine amepoteza fahamu, mikono na miguu ya baridi kwa kuwa damu haizunguki sawasawa. Vitabu vya Ulaya na Marekani vilisema mtoto huyo amiminiwe maji ya dripu mengi na kwa haraka. Hakuna aliyekuwa amelipima agizo hilo kwa watoto wa hospitali za Afrika, ambazo hazina mashine za kupumulia. Basi likapimwa katika hospitali sita: Kilifi kwetu, Teule kule Muheza, Tanzania, na nne za Uganda, nazo ni Mulago, Mbale, Soroti na Lacor.

Ilikusudiwa wafike watoto 3600. Januari 2011, walipokuwa 3141, kazi ikasimamishwa, kwa sababu hesabu zilionyesha kitu ambacho hakuna aliyekitarajia. Katika kila watoto 100 waliomiminiwa maji kwa haraka, kati ya 10 na 11 walifariki ndani ya saa 48. Katika kila 100 wasiomiminiwa, walifariki 7. Yaani lile tendo la kuokoa, ambalo kila daktari mwema alilitenda kwa moyo mkunjufu, lilikuwa likiondoa watoto watatu zaidi katika kila mia. Matokeo yalichapishwa Mei 2011 katika jarida la New England Journal of Medicine, na madaktari wa watoto wa dunia nzima wakayabishania, katika kumbi na mtandaoni, kwa miaka.

Sasa jaribu, msomaji, kuliweka jambo hilo katika herufi 140, maana hizo ndizo zilizoruhusiwa na Twitter hadi mwaka 2017. Utaandika hivi: dripu ya haraka huongeza vifo vya watoto wenye homa Afrika. Ni kweli tupu. Lakini watoto wanaoharisha hawakuwamo katika utafiti ule. Waliachwa nje makusudi, kwa kuwa mtoto aliyeharisha hadi macho yakaingia ndani anakufa kwa kukosa maji, na maji ndiyo dawa yake. Waliachwa pia wenye utapiamlo mkali, na walioungua. Wala utafiti haukusema mtoto asitiwe dripu abadani: hata wale wasiomiminiwa waliendelea kupewa maji pole pole, kwa kiasi cha kawaida, na waliopungukiwa mno na damu walitiwa damu. Kilichoshitakiwa ni wingi na haraka, kwa watoto wa aina fulani. Herufi 140 zimekwisha zamani, na hata 280 za baadaye hazitoshi.

Nilimsikia bibi mmoja wa makamo akimwambia afisa wa kliniki, na mjukuu wake mgongoni amelegea kwa kuharisha: "Daktari, hiyo dripu siitaki. Nimesikia katika simu ya mwanangu kwamba inaua watoto, na maneno ni yenu wenyewe madaktari." Afisa akamjibu kwa heshima: "Mama, ni kweli yalisemwa, lakini si juu ya mtoto huyu." Ikambidi amwache mgonjwa aliyekuwa mbele yake, akae na bibi yule, aeleze tangu mwanzo. Alielezeka, mtoto akatiwa maji. Lakini fikiri ni mabibi wangapi hawaendi kituoni hata kuelezwa.

Na tusifanye haraka kuilaumu simu. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake uliosahihishwa juu ya jambo hilo mwaka 2016, miaka mitano baada ya matokeo. Katika miaka mitano hiyo muuguzi wa mashambani alikuwa na kitabu cha zamani mezani kinachomwambia mimina, na simu mfukoni inayomwambia usimimine. Simu ndiyo iliyokuwa na habari ya kweli. Ilichokosa ni ule mkia wa habari, yale maneno "ila" na "isipokuwa", ambayo msemaji aliyatamka ukumbini katika dakika yake ya kumi na mbili, wakati wenye simu walikuwa wamekwisha kutuma na wanatazama nani amewajibu.

Wako watakaosema uvumi wa dawa umeletwa na mitandao hii. Wamesahau Kemron. Julai 1990 dawa ya jina hilo ilizinduliwa Nairobi na Rais Moi kuwa tiba ya UKIMWI, ikitokana na kazi ya watafiti wa KEMRI. Hapakuwa na WhatsApp. Palikuwa na redio, televisheni na magazeti, navyo vilitosha: matumaini yalivuka bahari, wagonjwa wakaitafuta hata kutoka Marekani. Majaribio yaliyofanywa baadaye na Shirika la Afya Duniani na wengine hayakuona faida yake. Mimi hujiuliza ingekuwaje kama kungekuwa na daktari mmoja mdogo kiti cha nyuma, mwenye simu na shaka. Wakati ule shaka haikuwa na pa kutokea.

Aprili 2020 tuliona kinyume chake. Tarehe mosi madaktari wawili wa Kifaransa walikuwa katika kipindi cha televisheni kwao, wakazungumza juu ya kuijaribu chanjo ya BCG dhidi ya korona huku Afrika, ambako, alisema mmoja wao, hakuna barakoa wala matibabu. Walizungumza kama wazungumzavyo wenzi wawili katika varanda ya mkutano. Kipande kile kikakatwa, kikasambaa, Samuel Eto'o na Didier Drogba wakakijibu kwa hasira, na tarehe 6 mkuu wa Shirika la Afya Duniani, Tedros Adhanom Ghebreyesus, akakilaani hadharani. Aliyeyatamka maneno yale akaomba radhi. Sisikitiki hata kidogo kwamba simu zilimnasa. Ila moto ule ulikuja kutua Kilifi, kwa watu ambao hawakuwa na kosa. Mwezi huo huo iliposikika kwamba chanjo ya Oxford huenda ikajaribiwa Kenya, mitandao ikajaa kilio kwamba sisi si panya wa maabara. Majaribio hayo yalipoanza Kilifi mwishoni mwa Oktoba 2020, yakilenga wajitoleaji wazima wapatao 400, yalikuwa yametanguliwa na chanjo hiyo kudungwa Waingereza kwa maelfu. Kipande hicho cha habari hakikusambaa.

Kwa nini kisambae kimoja na kibaki kingine? Hapa ndipo nilipotaka tufike. Maneno ya madaktari huja pwani yakikuta nyumba ambayo haiko tupu. Kuna mumiani, neno ambalo kila mtoto wa pwani amelisikia, mtu achukuaye damu ya watu kufanyia dawa. Watafiti wa Kilifi wenyewe wamekwisha kuandika jinsi walivyodhaniwa hivyo na wanavijiji walipoonekana wakitoa damu watoto. Kuna Mekatilili wa Menza, aliyezikwa Bungale, humu humu Magarini, ambaye mwaka 1913 alizunguka na ngoma ya kifudu akiwakusanya Wagiriama wakatae vijana wao kuchukuliwa na serikali ya Waingereza. Inasimuliwa alimwekea mzungu kuku na vifaranga vyake akamwambia ajaribu kuchukua kimoja aone. Mtu aliyelelewa na hadithi hiyo ukimletea habari ya sindano na watoto kwa mistari miwili, mistari hiyo atajua mwenyewe pa kuiweka.

Tena kuna tofauti ya lugha, ambayo si jambo la kamusi tu. Mtoto mwenye malaria iliyopanda kichwani hushikwa na degedege. Daktari ukumbini ana jina lake la Kiingereza. Mama wa Kigiriama husema ni nyuni, ndege wa kiroho aliyempitia mtoto, na nyuni ana waganga wake, na njia ya kwenda kwa mganga ni fupi kuliko njia ya kituoni. Slaidi ikisema vifo vya malaria kali vimepungua, mama huyo hajui kwamba anayezungumzwa ni mwanawe.

Tuseme kweli pia juu ya KEMRI, kwa kuwa ni rahisi kuwasema wasipokuwapo. Wamefanya jambo ambalo vituo vingi havikulifanya: wana wawakilishi wa jamii waliochaguliwa vijijini, wanaokutana na watafiti na kuwauliza maswali. Lakini tangu mwaka 2000 watu wanaohesabiwa na kufuatiliwa na kituo hicho ni wale wa eneo la kilomita za mraba 891 linaloizunguka hospitali ya Kilifi. Marafa haimo. Jirani yetu wa ndani ya eneo lile akisikia habari ya chanjo ana mtu wa kumuuliza, anayemjua kwa jina na kwa nyumba. Sisi wa nje ya eneo tunapata habari ile ile kwa WhatsApp, imeandikwa juu kwamba imesambazwa mara nyingi.

Mfano ni chanjo ya malaria. Matokeo ya kwanza ya jaribio kubwa la RTS,S yalitangazwa 18 Oktoba 2011 katika mkutano Seattle, Marekani, na kwa saa chache dunia nzima ikayapokea: imepunguza malaria kwa nusu hivi katika mwaka wa kwanza kwa watoto wenye umri wa miezi 5 hadi 17. Kilifi ilikuwa moja ya vituo 11 katika nchi saba. Mkia wa habari ulikuja baadaye: kinga hupungua kadiri miaka ipitavyo, na kwa dozi nne na miaka kama minne ya kungoja, hesabu ilikuwa asilimia 36. Chanjo ilipoanza kutolewa Kenya 13 Septemba 2019 ilianzia Homa Bay, kando ya Ziwa, wala si Pwani. Sababu ipo na ni nzuri: kule malaria ni nyingi kuliko huku. Lakini nimeulizwa swali hilo kibarazani zaidi ya mara moja, kwamba mbona damu ilitoka kwetu na dawa ikaenda kwao, na aliyeuliza hakuwa mjinga. Habari ya Seattle ilimfikia. Sababu ya Homa Bay hakuna aliyemletea.

Liko jambo jingine ambalo linaniudhi zaidi ya hayo, nalo ni picha. Mgeni akija Nyari hulipa ada mlangoni kabla hajalipiga picha bonde letu, na fedha hizo hubaki hapa. Mtoto aliyelala kitandani na tumbo limevimba hupigwa picha, picha ikawekwa slaidi, slaidi ikapigwa picha na simu mia, na mama yake hajui. Pengine alitia kidole katika karatasi ya ridhaa. Karatasi hiyo ilimwambia picha itatumiwa kufundishia madaktari, na mama alifahamu madaktari ni watu wa chumba kimoja. Hakuna aliyemwambia kwamba chumba hakina kuta tena. Sheria ya Kenya ya mwaka 2019 ya kulinda habari za watu inazihesabu habari za afya kuwa miongoni mwa zile nyeti zinazotaka uangalifu wa pekee. Sheria ni nzuri, lakini hairudishi picha iliyokwisha kutumwa. Daktari mwenye adabu afunike uso wa mtoto kabla ya kuiweka picha ukutani, na mwenye simu aishushe picha hiyo inapotokea. Hilo halihitaji kamati.

Wasomaji wengine watasema, basi afadhali madaktari wanyamaze, wayamalize yao huko huko ndani. Nawakumbusha Shakahola. Mwaka 2023, katika msitu usio mbali na hapa, ilianza kufukuliwa miili ambayo idadi yake ilipita 400, ya watu wanaodaiwa kufunga kula hadi kufa. Kesi iko mahakamani na siwezi kuingia humo. Lakini inajulikana kwamba mahubiri yanayohusishwa na mambo yale, pamoja na ya kukataa hospitali na shule, yalirushwa kwa televisheni na mtandaoni, kwa Kiswahili chepesi, kwa sauti na kwa picha, kila mara, bila ada. Wakati huo madaktari wetu walikuwa wakiandikiana kwa Kiingereza wao kwa wao, na kuhesabu ni watu wangapi wameyasambaza maneno yao. Mtandao ni ule ule. Aliyeutumia kuzungumza na watu wa Magarini hakuwa daktari.

Kwa hiyo sitaki mlango urudishwe. Ninachotaka ni kidogo na kinawezekana. Kila mkutano unaosomwa utafiti uliofanywa kwa watoto wa Pwani uwe na mtu mmoja ambaye kazi yake si kupiga picha slaidi. Asikilize hadi mwisho, amwendee msemaji amuulize ni watoto gani hawamo katika hesabu yake, kisha aseme kwa sauti, dakika tatu, kwa Kiswahili na kwa Kigiriama, mambo matatu: ni nini kimeonekana, kimeonekana kwa nani, na mzazi afanye nini kesho akiwa na mtoto mgonjwa. Aanze na lile "isipokuwa". Sauti hiyo ipelekwe kwa maafisa wa kliniki, wauguzi na wale wahudumu wa afya wanaotembea nyumba kwa nyumba kabla haijawekwa mahali pengine popote, na wazazi ambao watoto wao walikuwamo katika utafiti waisikie kabla ya Seattle. Pwani FM na redio za Kimijikenda zinaweza kuirudia jioni, watu wakiwa wamekwisha kutoka shamba. Na namba ya kuuliza maswali iwe ya mtu atakayepokea.

Nimelieleza jambo hili kwa yule afisa wa kliniki. Alinisikiliza, akasema sauti atazipokea kwa furaha na kuzicheza barazani asubuhi, wagonjwa wakingoja zamu zao. Kisha akauliza bando la kuzipakulia litalipwa na nani, maana hilo la kuisomea Kigali usiku alilinunua mwenyewe.